Jinsi ya Kufundisha Usalama wa Mtandao Bila Kompyuta, Bila Bando na Bila Kuumbuka

Mwalimu, sogea karibu, hili tuliongee sisi wawili. Afisa Elimu Kata ametoka semina na agizo: wanafunzi wafundishwe matumizi sahihi na salama ya teknolojia. Mkuu wa shule amekutazama wewe, kwa sababu ndiwe mdogo kwa umri ofisini, au ndiwe uliyewahi kumsaidia kubadilisha picha ya WhatsApp. Shule yako ipo Dongobesh, au Endasak, au kule bondeni Yaeda Chini. Chumba cha kompyuta hakuna. Umeme upo, lakini siku ya kipindi chako utakatika. Darasa lina watoto sabini, na wapo kati yao wanaoijua simu janja kuliko wewe, kuliko mkuu, kuliko hata huyo mwezeshaji wa semina.

Umekaa pazuri kabisa. Usiombe kompyuta kwanza. Ukianza kuziomba utazisubiri huku watoto wanaibiwa, wanatishwa na kudhalilishwa kwenye simu za kaka zao. Mtoto hudhurika mtandaoni kwa sababu aliamini upesi, akatoa alichopaswa kukitunza, akasambaza bila kuuliza, halafu akaogopa kusema. Mambo manne hayo yote yanafundishika kwa chaki. Kwa hiyo nakupa njia za mkato, na zote ni halali.

1. Shindwa mapema, mbele ya watu

Kuna kijana wa dawati la nyuma ambaye walimu wenzako humwita ofisini kimya kimya awatengenezee simu. Unamjua. Anajiona mfalme na hakuna aliyewahi kumvika taji. Mvike. Mwite mbele, mpe chaki, aeleze hatua kwa hatua namna mtu anavyofungua akaunti ya TikTok. Wewe nenda ukakae kwenye kiti chake. Usijifanye unajua. Akigundua unajifanya, kipindi kimekufa. Akigundua hujui na wala huoni haya, atakufundisha mpaka kengele igongwe.

Jibakishie kazi moja tu, kuuliza. Akisema "unaweka namba ya simu," uliza: ya nani? Akisema "unaweka tarehe ya kuzaliwa," uliza: ya kweli? Darasa litacheka, maana TikTok na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na hao wanaocheka wamejiongezea umri. Usiwakemee. Ongeza swali moja: kama kampuni inaamini una miaka 21, itakuletea video za mtu wa miaka mingapi? Nyamaza hapo. Waache wapige hesabu.

Kisha chora kisanduku kwenye kona ya ubao, juu yake andika "usifute", na ndani yake weka maswali matatu. Nani anaona? Nani anafaidika? Nikikosea, namwambia nani? Yote yatakayofuata yamo humo. Siku ukiingia darasani hujajiandaa, elekeza chaki kwenye swali lolote kati ya hayo, na utaonekana ulikesha ukipanga somo.

2. Iba somo mnadani

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe wa aina hiyo umeshaingia kwenye simu za Tanzania kuanzia kitochi cha mzee wa Balangdalalu hadi simu za wakubwa. Hicho ndicho kitabu chako cha kiada, na ni cha bure. Toa kazi ya nyumbani: kila mtoto amuulize mzazi, bibi, mjomba au jirani ujumbe wa kitapeli aliowahi kupokea, auandike kwenye daftari bila jina wala namba ya mtu. Kesho yake utakuwa na mkusanyo ambao hakuna semina itakayokupa. Mtoto wako ameanguka shuleni, tuma ya matibabu. Umeshinda promosheni, lipia kwanza ya kufungulia. Pesa imeingia kwako kwa bahati mbaya, irudishe. Tazama matangazo kila siku ulipwe, ila anza kwa kuweka kiingilio.

Usianze kuzifafanua jumbe hizo. Watoe nje hadi chini ya mti, fungua mnada. Mtoto mmoja awe muuzaji, mwingine mnunuzi, wa tatu awe ng'ombe. Usihofu, wa kujitolea kuwa ng'ombe hakosekani. Watoto wa Mbulu na Hanang, wawe Wairaqw au Wadatoga, wamekua wakiwaona wazee wao wakinunua na kuuza mifugo. Wanajua mtu hatoi pesa kwa kusikia sauti tu. Mnunuzi atauliza bila kufundishwa: huyu ng'ombe wa nani? Katoka kijiji gani? Kibali kiko wapi? Mbona bei iko chini hivyo? Mbona una haraka, kuna nini? Mwache aulize mpaka muuzaji atokwe jasho. Halafu mpe muuzaji daftari asome kwa sauti ule ujumbe wa tapeli, na mnunuzi arudie maswali yale yale. Watasikia wenyewe kwamba ujumbe hauna jibu la swali hata moja, na kwamba umejaa haraka mwanzo hadi mwisho.

Kaa kwenye hiyo haraka muda mrefu kidogo. Tapeli anakuwahi kabla hujapiga simu. Basi wape kanuni moja ya kufanya kwa mikono: kabla ya kutuma, piga. Piga namba ambayo wewe mwenyewe ulikuwa nayo zamani, usipige ile aliyokupa. Wafanye zoezi hilo wawili wawili, mmoja akilia na kubembeleza, mwenzake akijibu, "Subiri, nakupigia kwenye ile namba yako." Mtoto aliyeitamka sentensi hiyo mara tano chini ya mti ataitamka na siku ya siku.

Mmoja mwenye akili atakuuliza: si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole? Swali zuri, litegemee. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Matapeli hawakuzimika nazo, kwa sababu hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine. Mtu anaambiwa mashine imegoma, weka tena kidole; mara ya pili ile inakwenda kwenye laini asiyoijua. Wape zawadi ya kupeleka nyumbani: mzazi akibonyeza *106# ataweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya tapeli inaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Ziandike namba hizo kubwa kubwa ubaoni. Baba mmoja akikuta namba asiyoitambua kwenye jina lake, heshima yako kijijini itapanda kuliko siku uliyopandishwa daraja.

Na hili usiliruke, maana huku kwetu lina uzito wa pekee. Katika nyumba nyingi mtoto wa darasa la sita ndiye karani wa familia. Bibi anaongea Kiiraqw au Kidatoga. Ujumbe wa pesa umekuja kwa Kiswahili, na menyu ya simu ni ya Kiswahili. Bibi humpa mjukuu simu, kisha humtajia namba ya siri kwa sauti, hata wageni wakiwepo. Mtoto huyo amebeba kichwani mapato ya vitunguu saumu ya msimu mzima na hakuna aliyemwambia. Mwambie. Mfundishe namna ya kumwelekeza bibi abonyeze zile tarakimu nne mwenyewe, hata kwa kukariri mahali vitufe vilipo. Bibi anayewatambua mbuzi wake mmoja mmoja hashindwi na vitufe vinne. Mfundishe pia kutosoma salio kwa sauti dukani kwa wakala, na kutomkabidhi wakala simu "afanye mwenyewe". Mshahara wako ni wa darasa moja, lakini kwa somo hili umefundisha kata nzima, na hakuna atakayekudai.

3. Geuza msongamano kuwa mtandao

Watoto sabini ndani ya chumba kimoja ni mtandao tayari, umeunganishwa na unafanya kazi. Chukua karatasi, andika siri ya kubuni isiyomuumiza mtu yeyote: "Mwalimu anaogopa bata." Mpe mtoto mmoja. Anakili, ampe mwenzake, naye anakili, ampe mwingine. Baada ya dakika kumi piga makofi, sema: rudisheni nakala zote, nataka kuzichana. Zitarudi nyingi, hazitarudi zote. Nyingine itakuwa kwenye soksi, nyingine imeshapita dirishani kwenda darasa la jirani, na kuna aliyekula karatasi yake baada ya kuikariri. Jioni utasikia kijijini kwamba unaogopa bata. Vumilia, ndiyo ada ya somo.

Sasa uliza: ingekuwa ni picha yako? Waambie wazi kwamba kitufe cha kufuta hufuta nakala ya kwako, na kwamba picha ya kwenye status inaondoka baada ya saa 24 ila skrinishoti yake haiondoki. Hapo watakuelewa, kwa sababu wameona kwa macho yao karatasi ikikataa kurudi.

Hapa ndipo unapoleta sheria, kwa dozi ndogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja kusambaza taarifa za uongo kuwa kosa, na kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao kuwa kosa, na kwa yote mawili faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Milioni 5 waibadilishe iwe idadi ya magunia ya mahindi kwa bei ya soko la siku hiyo. Ni hesabu nzuri ya darasa la saba. Ila ukimaliza hesabu, iweke sheria pembeni. Mtoto anayeacha kumtukana mwenzake kwa kuogopa jela atarudia siku atakapojua namna ya kuficha jina. Mrudishe kwenye ile karatasi na aliyechekwa kwa sababu yake.

4. Tumia mlima ulio nao

Kama upo Hanang, huna haja ya mfano kutoka Marekani. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Siku zile simu zilijaa picha na sauti. Na kwa kuwa Hanang ni volkano ya zamani, swali lililotembea kuliko yote lilikuwa: mlima umeamka? Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji, ikamegeka, ikateremka na kuzoa kila kilichokuwa njiani.

Somo hili lifundishe kwa adabu. Kabla ya kuanza, pita kimya kimya ujue ni mtoto gani aliondokewa na nani, na umruhusu kukaa nje bila kueleza sababu. Usionyeshe picha ya maiti hata kama ipo kwenye simu yako. Kama ipo, huu ndio muda wa kuifuta. Halafu simama ubaoni, usimulie jambo dogo: mtu yuko Dar es Salaam, dada yake yuko Katesh, simu ya dada haipatikani, na kwenye grupu la ukoo inaingia sauti ya mtu asiyejulikana akisema mlima utalipuka tena usiku, kimbieni. Afanye nini?

Waache wabishane. Kuna watakaosema asambaze, heri kuonya kuliko kunyamaza. Hao wana hoja nzuri, na wasikilize vizuri, kwa sababu uongo mwingi husambazwa na watu wenye moyo wa huruma. Baada ya hapo waongoze. Nani aliyerekodi sauti hii, jina lake? Alikuwa amesimama wapi? Aliirekodi lini? Ina ile mishale miwili ya WhatsApp inayoonyesha imepitishwa mikono mingi? Mamlaka imesema nini? Kuna mtu tunayemfahamu aliye pale sasa hivi? Hilo la mwisho ndilo silaha ya watu wa huku. Mtu wa Nairobi au London atahitaji programu ya kuchunguza picha. Wewe una shangazi Gendabi. Dakika moja ya simu kwa shangazi inagharimu kidogo kuliko bando, na shangazi anaona mlima kutoka mlangoni kwake.

Kisha uliza swali ambalo watu wazima hulikwepa: watu wakikimbia usiku wa giza na mvua kwa sababu ya sauti ya uongo, nani atavunjika mguu? Nani atapotea na mtoto mgongoni? Barabara ya magari ya uokoaji itajaa nani? Hapo huruma yao itageuka upande sahihi, nao wataacha kuona kuhakiki habari kama ubishi wa wasomi.

Kama upo Mbulu, mlima unauona kwa mbali tu, lakini kazi ni ile ile. Tumia uvumi wowote uliopita kijijini mwaka huu. Hautakosa.

5. Jifundishe wewe, kwa kisingizio cha kuwafundisha wao

Una kishikwambi. Ni vile vilivyohesabia watu katika Sensa ya Agosti 2022, na mwishoni mwa mwaka huo vikaanza kugawiwa walimu. Kinakusaidia kusoma vitabu vya Taasisi ya Elimu, na tuseme ukweli, kinapiga picha nzuri. Umeshapiga watoto wakila uji, watoto wakifyeka, mtoto aliyeshika mkia kwenye mtihani akitabasamu. Ukaweka status. Ukapata mioyo kumi na saba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sura ya mtoto, jina lake, shule yake na alama zake ni taarifa zake. Kwa hiyo fanya hivi, na utafundisha bila kufungua mdomo: siku unayotaka kupiga picha, liulize darasa. "Nani hataki kuonekana?" Watakaonyoosha mkono wasogee pembeni, na usiwahoji. Waonyeshe picha kabla hujaiweka popote. Omba ruhusa ya wazazi kwenye kikao. Mtoto aliyeombwa ruhusa na mwalimu wake atashangaa sana siku mtu wa mtandaoni atakapodai picha yake kwa amri.

Na ile tabia ya kurekodi mtoto akiadhibiwa au akishindwa kusoma ili grupu la walimu lipate kicheko, iache leo. Oktoba 2016 video ya mwanafunzi wa sekondari mkoani Mbeya akipigwa na walimu wa mazoezi ilizunguka nchi nzima. Iliwafikisha waliohusika mbele ya mamlaka, na hilo lilikuwa jema. Lakini pia ilizunguka na sura ya kijana yule, na kila aliyeifowadi kwa hasira ya haki aliifowadi pamoja na udhalili wake. Ushahidi una pa kupelekwa: polisi, afisa elimu, ustawi wa jamii. Lijadilini hili darasani na wakubwa. Litawachukua vipindi viwili, na vinastahili.

6. Iachie mashine ijivue yenyewe

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kuna insha zinazoingia mezani kwako zimenyooka kupita kiasi. Usikimbizane nazo. Kwenye simu yako, iombe programu yoyote ya akili bandia iandike aya moja kuhusu historia ya kijiji chenu: nani alianzisha, mto unaitwaje, shule ilijengwa lini, watu wanalima nini. Inakili ubaoni kama ilivyo. Wape watoto kalamu nyekundu, wape wiki moja, waende kwa wazee.

Kijiji kidogo hakijaandikwa sana mtandaoni, na programu hizi zikikosa cha kusema huweza kujaza pengo kwa maneno yanayofanana na ukweli. Watoto watarudi na masahihisho na furaha ambayo hujawahi kuiona kwenye somo la historia. Mtoto wa Kainam au wa Basotu aliyewahi kuisahihisha mashine kwa ushahidi wa babu yake hataipigia magoti tena. Kama hawakukuta kosa, pia sawa, wamehakiki. Na umepata historia ya kijiji iliyoandikwa, ambayo hapo awali haikuwepo popote.

7. Andalio la somo

Mthibiti Ubora wa Shule atakuja na atauliza hili lipo kwenye muhtasari upi. Lipachike pale linapokubalika: ujumbe wa tapeli ni ufahamu na barua katika Kiswahili, uvumi wa mlima ni jiografia, faini ni hisabati, ruhusa ya picha ni Historia ya Tanzania na Maadili. Penye zana za kufundishia andika "karatasi, chaki, mti". Ni kweli tupu.

8. Shindwa kukasirika

Nimekuwekea hili mwisho kwa sababu haya mengine yote yanalitegemea, na ndilo gumu.

Simu ni marufuku kwa mwanafunzi shuleni. Unajua, wanajua, na bado zipo: ndani ya godoro bwenini, kwenye begi la unga, kwa muuza duka nje ya geti. Ikikamatwa, kuna fimbo, kuna barua kwa mzazi, pengine kusimamishwa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya binti wa kidato cha pili ambaye mtu aliyemwamini amepata picha yake, anamwambia tuma nyingine au hii naipeleka kwa baba yako. Ili akuombe msaada, lazima kwanza akiri kwamba ana simu. Tishio la yule mtu limesimama juu ya fimbo yako. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa 2022 ulikuta kwamba angalau asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Kwenye shule ya mamia, piga hesabu mwenyewe. Hesabu hiyo ina majina, na wewe huita majina hayo kila asubuhi kwenye mahudhurio.

Kwa hiyo njia ya mkato kuliko zote ni hii: nenda kwa mkuu wa shule, mpelekee wazo kwa namna ambayo kesho atalitangaza kuwa ni lake. Atangaze mstarini kwamba mwanafunzi atakayekuja mwenyewe kueleza shida iliyompata kwenye simu, siku hiyo simu yenyewe haina kesi. Marufuku ibaki ilivyo. Mlango mmoja tu ufunguliwe. Walimu wengine watasema nidhamu itashuka. Waulize ni mara ngapi fimbo imewahi kuwaletea jina la mtu mzima aliyemtishia mtoto.

Halafu jifunze kupokea. Akija, kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Kama ni binti na anapenda awepo mwalimu wa kike, mwite. Maneno yako ya kwanza yawe "umefanya vizuri kuniambia", na lile "kwa nini ulituma?" lililokufika kooni limeze, halina kazi. Usiombe kuiona picha. Usimwambie akutumie uwe nayo kama ushahidi: picha ya mtoto akiwa uchi ikihamia kwenye simu yako, wewe sasa unayo, na hilo ni jambo la polisi. Chukua karatasi mwandike namba, jina la akaunti, tarehe, saa, na kinachodaiwa. Asilipe chochote, maana aliyelipwa leo atarudi kesho na bei mpya. Asifute mazungumzo kabla polisi hawajayaona.

Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na umjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama mambo yalishafika kukutana ana kwa ana na mtoto ameingiliwa, hospitali ndiyo ya kwanza, iwe Haydom au yoyote iliyo karibu, siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Mzazi aambiwe, lakini zungumza naye wewe kabla mtoto hajafika nyumbani, ukae mpaka hasira yake ya kwanza ipite. Kama unamjua mtuhumiwa, na mara nyingi utamjua, usiende kumhoji. Ukimshtua atafuta kila kitu na kuhama. Na kama ni mwalimu mwenzako, usimpelekee habari mkuu peke yake. Fika mwenyewe kwa ustawi wa jamii na polisi.

Wiki inayofuata usilitumie tukio lake kama mfano darasani, hata kwa kuficha jina. Kijiji ni kidogo, watamjua kabla hujamaliza sentensi ya kwanza, na mtoto wa pili aliyekuwa anajipanga kuja kwako ataghairi.